Sarufi ya darasani yaweza kuokoa shamba la familia

Sheria za ardhi na urithi zimeandikwa kwa sentensi ndefu ambazo huwatisha wengi. Lakini mwanafunzi anayejua kuchanganua sentensi anaweza kuwasaidia wazazi wake, kama inavyoonekana katika mifano hii ya Kisii na Nyamira.

Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira kuna bahasha ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Huwekwa chini ya godoro au ndani ya sanduku la bati, na ndani yake mna hatimiliki ya shamba, mkataba wa mauziano, barua ya bodi ya ardhi na pengine karatasi mbili tatu za mahakama. Kila mtu nyumbani anajua bahasha hiyo iliko. Wanaojua karatasi hizo zinasema nini ni wachache mno.

Huko Gusii ardhi si jambo la mzaha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Hiyo ni sawa na watu 957 kwa kila kilomita mraba huko Kisii, na 675 huko Nyamira. Shamba ambalo babu alililima peke yake limekatwa mara tatu au nne, na mpaka wa migomba michache waweza kuwafikisha ndugu wa tumbo moja mbele ya jaji.

Wakifika huko hukutana na lugha. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini sheria za ardhi na urithi zilitungwa kwa Kiingereza, na lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Ni katika mahakama za chini tu ambapo kesi yaweza kuendeshwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Isitoshe, Kiingereza hicho cha sheria ni tofauti na kile cha gazeti. Sentensi moja yaweza kujaza nusu ukurasa kabla ya kufika kwenye nukta.

Hata hivyo, katika nyumba hiyo hiyo huenda kuna kijana wa shule ya upili ambaye huambiwa na mwalimu wa Kiswahili achanganue sentensi kwa njia ya matawi, mishale au jedwali. Anajua kiima na kiarifa. Anaweza kutenga kishazi huru na kishazi tegemezi. Hudhani kwamba ujuzi huo ni wa kupitia mtihani tu, kumbe ndio ufunguo wa karatasi zilizo chini ya godoro la baba yake.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1843 wakili mmoja Mwingereza, George Coode, alionyesha kwamba sentensi ya sheria, hata iwe ndefu namna gani, ina sehemu nne: hali ambayo sheria inaizungumzia, sharti linalopaswa kutimizwa, mhusika anayepewa haki au wajibu, na tendo lenyewe. Aliyetambua sehemu hizo ameielewa sentensi. Hebu tujaribu kwa sheria ambazo huzisumbua familia nyingi za Gusii.

Tafuta kitenzi kikuu kwanza

Sheria ya kwanza ni ile ya Kudhibiti Ardhi, yaani Sura ya 302 ya Sheria za Kenya. Kifungu chake cha sita, tukikifupisha kwa Kiswahili, kinasema hivi: kila mojawapo ya shughuli zifuatazo, yaani kuuza, kuhamisha, kukodisha, kuweka rehani, kubadilishana, kugawanya au kutoa kwa njia nyingine yoyote shamba la kilimo lililo katika eneo linalodhibitiwa, na kulikata shamba kama hilo vipande viwili au zaidi vitakavyokuwa na hatimiliki mbalimbali, na kuuza au kuhamisha hisa za kampuni ya binafsi au chama cha ushirika chenye shamba kama hilo, ni batili kwa kila hali isipokuwa bodi ya eneo hilo iwe imetoa idhini.

Msomaji wa kawaida huchoka akiwa katikati. Akifika mwisho amekwisha kusahau mwanzo. Afanye nini? Aifunike orodha yote kwa kidole gumba, kuanzia neno "yaani" hadi kwenye kitenzi. Yatakayobaki ni haya: "Kila shughuli ni batili isipokuwa bodi iwe imetoa idhini." Hicho ndicho kiini cha kifungu. Orodha yote ndefu ilikuwa ikieleza kiima tu.

Sasa tazama kiima hicho kwa makini. Kinachosemwa kuwa batili ni shughuli yenyewe. Muuzaji hatajwi wala mnunuzi hatajwi. Kwa hivyo hakuna mahali ambapo sentensi inauliza kama wawili hao walikuwa waaminifu, kama walikunywa chai pamoja siku hiyo, au kama fedha zote zililipwa. Kisha tazama kishazi tegemezi kinachoanza na "isipokuwa". Mtendaji wake ni mmoja, bodi. Chifu hayumo. Wazee wa kijiji waliotia sahihi kama mashahidi hawamo. Wakili aliyepiga mhuri hayumo.

Ni wangapi wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru au Mombasa ambao wametuma fedha nyumbani kununua nusu ekari karibu na Keroka au Nyansiongo, wakaridhika na karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi wanne? Karatasi hiyo ina kazi yake kama ushahidi wa mapatano. Lakini mwenye kusoma sentensi hii kwa sarufi ataona kwamba mashahidi hata wawe mia hawawezi kuchukua nafasi ya mtendaji aliyetajwa.

Miezi sita, kuanzia lini?

Kifungu cha nane cha sheria hiyo kinasema kwamba ombi la idhini lazima lipelekwe kwa bodi katika muda wa miezi sita tangu kufanywa kwa mapatano. Hapa wengi huona "miezi sita" na kufumba kitabu. Lakini muda ni lazima uwe na mwanzo, na mwanzo huo umo katika maneno yanayofuata: "tangu kufanywa kwa mapatano".

Tuchukue mfano. Mnunuzi na muuzaji wanaandikiana tarehe 10 Januari, na wanakubaliana fedha zilipwe kidogo kidogo hadi Novemba. Mnunuzi anajiambia kwamba atakwenda kwenye bodi akimaliza kulipa. Akisoma vizuri ataona kwamba sentensi haikusema tangu kulipwa, wala tangu kuingia shambani. Saa ilianza kugonga Januari, na kufikia tarehe 10 Julai miezi sita imekwisha.

Je, yote yamepotea? La. Kifungu kinaendelea kwa maneno ambayo wanasheria hupenda kuyaanza kwa "ila kwamba". Kinaeleza kuwa mahakama yaweza kuongeza muda hata kama miezi sita imepita, ikiona kuna sababu ya kutosha. Zingatia kitenzi "yaweza". Mahakama haikulazimishwa. Anayeomba ndiye mwenye kazi ya kuonyesha sababu.

Na fedha zilizolipwa katika shughuli iliyokuwa batili je? Kifungu cha saba kinasema zaweza kudaiwa kama deni na mtu aliyezilipa kutoka kwa mtu aliyelipwa. Sentensi hiyo ina watu wawili, na kila mmoja ametajwa kwa kitendo chake. Ndiyo maana stakabadhi yapasa kuonyesha majina mawili, la aliyetoa na la aliyepokea. Fedha zilizopitia mikono ya binamu bila kuandikwa zaweza kuleta ubishi juu ya nani hasa "aliyelipwa".

"Isipokuwa" inayogeuza mambo

Kifungu hicho cha sita kina sehemu nyingine inayozigusa familia zilizofiwa. Kinasema kwamba hakihusu ardhi inayopita kwa warithi kwa njia ya wasia au kwa sababu marehemu hakuacha wasia, isipokuwa kama kupita huko kutasababisha ardhi igawanywe vipande viwili au zaidi vyenye hatimiliki mbalimbali.

Hapa kuna makanusho mawili, moja juu ya jingine. Dawa yake ni kuikata sentensi hiyo iwe sentensi mbili fupi. Ya kwanza: Ardhi ikienda kwa warithi ikiwa nzima, idhini ya bodi haihitajiki. Ya pili: Ardhi ikienda kwa warithi ikiwa imekatwa vipande vyenye hatimiliki zake, idhini inahitajika.

Sasa fikiria hali ya Gusii. Ni familia ngapi ambazo baba akifariki shamba hubaki na hati moja? Wana wengi hutaka kila mmoja awe na hati yake mkononi. Kwa hivyo kile ambacho katika kitabu cha sheria kinaonekana kama kijisehemu kidogo cha mwisho, kwa familia nyingi za Kisii na Nyamira ndicho kanuni yenyewe. Anayeishia katikati ya sentensi hutoka na jibu lililo kinyume.

Nyumba mbili, ekari tano

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu chake cha 40 kinazungumzia mwanamume aliyeoa wake zaidi ya mmoja na kufariki bila wasia. Kinasema kwamba mali yake, kwanza, itagawanywa baina ya nyumba kwa kadiri ya idadi ya watoto katika kila nyumba, na pia mke yeyote aliye hai ataongezwa kama mmoja zaidi katika idadi hiyo.

Neno "nyumba" halina ugeni kwa Abagusii. Enyomba, yaani mama na watoto wake, ndiyo iliyokuwa ngazi ya kugawia mashamba tangu zamani. Ndipo wengi hudhani kwamba sheria inarudia mila, kila nyumba ipate sawa na mwenzake. Lakini uchanganue. Kinachogawanywa ni mali. Wanaogawiwa ni nyumba. Kipimo ni kirai kinachofuata: "kwa kadiri ya idadi ya watoto". Ukikiacha kirai hicho, umebadilisha urithi wa watu.

Tuseme mzee aliacha ekari tano na wajane wawili. Nyumba ya kwanza ina watoto sita, ya pili ina watoto wawili. Ongeza kila mjane katika nyumba yake: nyumba ya kwanza ina saba, ya pili ina watatu, jumla kumi. Nyumba ya kwanza itapata ekari tatu na nusu, ya pili ekari moja na nusu. Wangegawana sawa, kila nyumba ingepata ekari mbili na nusu. Tofauti ni ekari nzima, na ekari nzima huko Gusii ni riziki ya familia.

Tena tazama maneno "aliye hai". Iwapo mke wa kwanza alitangulia kufariki, yeye hahesabiwi. Nyumba yake itakuwa na sita, na jumla itakuwa tisa. Na neno "kwanza" linatuambia kwamba huo ni mgawanyo wa mwanzo baina ya nyumba. Mgawanyo wa ndani ya kila nyumba una vifungu vyake.

Kuna neno moja zaidi, "watoto". Kwa mila, waliorithi ardhi ni wana wa kiume. Sheria haikusema wana, imesema watoto, na neno hilo halina jinsia. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, ikiamua kesi ya familia moja yenye nyumba mbili, ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa sababu huenda wakaolewa.

"Ambao" ni akina nani?

Penye orodha ndefu, shida huwa ni kujua maneno ya mwishoni yanarudi kwa nani. Sheria ya Urithi inapoeleza ni nani wategemezi wa marehemu, kwanza inamtaja mke au mume na watoto, wawe walikuwa wakitunzwa na marehemu au la. Kisha inaorodhesha wazazi, wazazi wa kambo, babu na nyanya, wajukuu, watoto wa kambo, kaka na dada, halafu inaongeza "waliokuwa wakitunzwa na marehemu" hadi kufa kwake.

Je, sharti hilo la kutunzwa linamhusu dada pekee, aliye mwisho, au wote? Linaihusu orodha yote ya pili. Mjukuu anayedai fungu kwa njia hiyo atapaswa kuthibitisha kwamba alitunzwa. Mtoto wa marehemu hana haja ya kuthibitisha hilo, kwa kuwa yumo katika orodha ya kwanza, ambayo imesema wazi "au la".

Jambo kama hilo limeleta kesi kubwa hata Marekani. Katika jimbo la Maine, sheria ya malipo ya saa za ziada ilikuwa na orodha ya kazi zisizolipiwa, na mwisho wake ulizungumzia kufungasha bidhaa kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, bila koma kabla ya "au". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisema wao husambaza tu wala hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba sentensi hiyo ina utata na ikawapa madereva ushindi katika hoja hiyo. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Chanzo cha yote ni koma moja.

Hapa Kiswahili kina zawadi ambayo Kiingereza hakina. Mwandishi wa Kiingereza akiandika juu ya kipande cha shamba "ambacho kiliuzwa", neno lake la kuunganisha halionyeshi kama kilichouzwa ni kipande au ni shamba zima. Kwa Kiswahili, upatanisho wa kisarufi hukata ubishi. "Kipande cha shamba kilichouzwa" maana yake kipande ndicho kimeuzwa. "Kipande cha shamba lililouzwa" maana yake shamba zima limeuzwa, nasi tunazungumzia sehemu yake. Ekegusii, ambacho nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli, hufuata utaratibu wa namna hiyo. Basi mnapoandikiana mkataba kwa Kiswahili, kiambishi hicho kidogo kiwekwe kwa uangalifu. Na mnapotafsiri mkataba wa Kiingereza, mtafsiri alazimike kuchagua, kisha mumwulize ni kwa nini amechagua hivyo.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wasomaji. Sheria nyingi za zamani husema "he", yaani yeye mwanamume. Kwa Kiswahili na Ekegusii "yeye" hana jinsia, kwa hiyo msomaji wetu akikutana na "he" hudhani wanawake wameachwa nje. Sivyo. Sheria ya Ufafanuzi, Sura ya 2, inaeleza kwamba maneno ya kiume yanajumlisha wanawake, na ya umoja yanajumlisha wingi. Vilevile, Katiba ikisema "ikiwemo" na kuanza kuorodhesha, ibara ya 259 inatuambia kwamba orodha hiyo haijafungwa.

Hatua za kufuata nyumbani

Mzazi na mwanafunzi wakiketi pamoja na karatasi ya sheria au mkataba, wafuate utaratibu huu:

1. Hesabu sentensi kwa nukta, wala usihesabu kwa mistari. Chukua moja tu.

2. Tafuta kitenzi kikuu na ukipigie mstari. Kisha uliza: nani au nini? Jibu ndilo kiima.

3. Funika orodha na vishazi tegemezi vyote, usome kilichobaki.

4. Zungushia duara maneno ya sharti: kama, iwapo, isipokuwa, ila kwamba, hata kama. Kwa kila moja, andika sentensi fupi ya pekee.

5. Tenganisha lazima na hiari. Katika sheria za Kiingereza "shall" kwa kawaida ni amri na "may" ni ruhusa.

6. Kwa kila tarehe au muda, uliza unaanzia wapi.

7. Kwa kila "ambaye" au "ambacho", chora mshale hadi kwenye nomino inayorejelewa.

Lazima tuseme pia kwamba sarufi ina mpaka wake. Maneno ya sheria husomwa pamoja na maamuzi ya majaji. Kwa mfano, mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba katika hali fulani mnunuzi aliyelipa na kukaa shambani anaweza kulindwa kwa msingi wa amana, ingawa idhini ya bodi haikupatikana. Jambo hilo huwezi kuliona kwa kuchanganua kifungu cha sita peke yake. Tena sheria hurekebishwa. Sheria ya Urithi yenyewe ilirekebishwa mwaka 2021, hivyo nakala ya zamani yaweza kukudanganya.

Kwa sababu hiyo, kazi ya wakili haiwezi kufanywa na kijana wa kidato cha tatu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mteja anayemwuliza wakili "Kesi yangu ikoje?" na yule anayeuliza "Miezi sita yangu ilianza lini, idhini ilitolewa na bodi gani, na katika hesabu ya nyumba zetu mama amehesabiwa?" Huyo wa pili atajibiwa kwa uwazi, na jibu lisipokuwa la kweli atalitambua mapema, kabla shamba halijauzwa na kabla ndugu hawajaanza kununiana.